Anayesoma Miguu

Miezi ya Machi na Aprili, msimu wa besiboli unapochanganya katika shule za sekondari za Marekani, nyuma ya wavu ulio mgongoni mwa mdakaji huketi watu watatu wanne wenye daftari, stopwochi na tochi ya kupimia mwendo wa mpira. Hawashangilii mtu. Mpira ukigongwa, wazazi wote hugeuza shingo kuufuata. Hawa macho yao yameshatangulia kwa kijana aliyesimama baina ya kituo cha pili na cha tatu, tena si usoni wala mikononi, bali miguuni. Ni maskauti wa klabu za kulipwa. Kazi yao ni kumtazama kijana wa miaka 17, kusema atakuwa mchezaji wa namna gani akifika 25, kisha kutia jina lao chini ya maneno hayo. Mimi nausifu ufundi huu kwa sababu unadai kitu ambacho wengi wetu hatuna: subira ya kutenganisha kosa linalofundishika na kasoro isiyofundishika.

Anayetazamwa anaitwa shotistopu, mwenye kazi nzito kuliko walinzi wote wa uwanja wa ndani. Uwanja huo ni mraba wenye vituo vinne, na kutoka kituo hadi kituo ni mita 27.4. Mpigaji akiugonga mpira chini hutimua mbio kwenda kituo cha kwanza, na mlinzi anatakiwa kuuokota na kuufikisha hapo kabla yake. Mpigaji wa mkono wa kulia mwenye mbio za wastani hutumia kama sekunde 4.3, wa mkono wa kushoto, anayeanzia karibu zaidi na kituo, kama 4.2. Ndani ya muda huo shotistopu aufikie mpira, auinamie, autoe kwenye glavu, aurushe. Akiwa amevutwa hadi karibu na kituo cha tatu, masafa ya kurusha hukaribia mita 39. Akiudondosha mara moja tu, mkimbiaji amekwishafika.

Tatizo la kwanza la skauti ni kwamba mchezo wenyewe ni mchoyo. Mechi ya sekondari ina awamu saba tu, na kijana anaweza kumaliza alasiri nzima akiwa amepata mipira miwili laini ambayo hata mdogo wake angeiokota. Mtu ameendesha gari nusu siku kuja kuona mipira miwili laini! Ndiyo maana skauti anayeijua kazi hasubiri mechi ianze. Anafika mapema, wakati kocha bado anawagongea walinzi mipira ya mazoezi: mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja wa polepole mbele. Dakika kumi hizo humfundisha mengi kuliko mechi tatu.

Hebu tumfuate kwa karibu. Kijana ameinama kidogo, glavu wazi, uzito wake umekaa mbele ya nyayo na si kwenye visigino. Mpira unapokaribia gongo anajiinua kwa kijiruko kidogo na kutua kwa miguu yote miwili wakati ule ule mpira unapogongwa. Kijiruko hicho ni jambo la kwanza kuandikwa daftarini. Asiyekuwa nacho huanza safari akiwa amekwama, na hatua moja iliyopotea hapo haipatikani tena.

Sasa mpira unakuja ukidunda kuliani kwake. Mlinzi mchanga huukimbilia moja kwa moja na kufika akiwa amejinyoosha, hana nguvu za kurusha. Aliyekomaa huuzungukia kidogo, ili anapouokota mwili wake uwe tayari umeelekea kituo cha kwanza. Halafu ipo midundo yenyewe. Mpira ni mwepesi kuudaka ukiwa umepanda na kuanza kushuka, na ni mwepesi pia pale unapotoka tu ardhini. Katikati ya hapo ndipo penye mdundo mbaya, ule unaomgonga mtu kifuani. Miguu ndiyo inayochagua mdundo. Mikono hupokea tu kilichochaguliwa. Mtazamaji wa kawaida akiona mpira umeponyoka atasema kijana ana mikono mibovu. Skauti atakuwa ameliona kosa mapema zaidi, hatua tatu nyuma, pale miguu ilipositasita kati ya kusonga na kungoja.

Baada ya kuokota kuna kuhamisha: kuutoa mpira kwenye glavu na kuupata vidoleni. Wapo vijana wenye mkono wa nguvu ajabu wanaopoteza muda wote wakiutafuta mpira ndani ya glavu, na wapo wenye mkono wa kawaida wanaowatoa wakimbiaji kila siku kwa sababu mpira haukai kwao. Mwisho kuna mpira unaobingirika taratibu, ambao mlinzi huukimbilia mbele, akauokota kwa mkono mtupu na kuurusha huku bado anakimbia, mkono ukiwa chini ya bega. Hapo skauti hutazama kama kijana anajua ni nani anayekimbia. Akirusha kila mpira kwa nguvu zote, hata mkimbiaji akiwa mzito na bado yuko mbali, saa ya kichwani mwake haijaanza kutembea.

Yote hayo hutiwa kwenye karatasi kwa kipimo kinachoanza 20 na kuishia 80. Vinavyopimwa kwa desturi ni vitano: kuugonga mpira, nguvu ya kuupeleka mbali, mbio, ulinzi na mkono wa kurushia. Alama ya 50 ni wastani, lakini wastani wa ligi kuu, si wa shule wala wa jimbo. Kwa hiyo kijana anayesifiwa na mji mzima anaweza kuandikiwa 30 katika kugonga, na wala hajatukanwa. Kila kipaji hupewa namba mbili, ya leo na ya baadaye. Namba ya leo yeyote mwenye stopwochi na uzoefu kidogo anaweza kuikaribia. Ufundi wote umo katika pengo kati ya hiyo na ile ya pili.

Ili kulivuka pengo hilo skauti husoma mwili ambao bado haujamaliza kujengwa. Hutazama upana wa mabega, urefu wa mapaja, namna kiuno kinavyogeuka. Huwatazama hata baba na mama waliokaa jukwaani, kwani kijana mwembamba mwenye wazazi wanene huenda akanenepa mpaka wepesi wake ukapungua, akahamishiwa kituo cha tatu. Fundi wa jahazi anayeingia msituni kutafuta mataruma, yaani mbavu za chombo, hatafuti mti mzuri wa kutazama. Anatafuta uliopinda kwa namna ambayo chombo kitauhitaji, na hulitambua taruma likiwa bado ni tawi. Skauti naye hatafuti kijana asiye na kombo. Anatafuta mwenye kombo linalofaa.

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili unatoka kwenye klabu moja, New York Yankees. Mwaka 1992, Dick Groch, skauti wa klabu hiyo, alimpendekeza kijana mwembamba wa Kalamazoo, Michigan, aliyeitwa Derek Jeter, naye akachukuliwa wa sita katika uchaguzi wa wachezaji wapya. Mwaka uliofuata, akiwa Greensboro katika ligi ndogo, Jeter alifanya makosa 56. Ukisoma namba hiyo peke yake utasema huyu si shotistopu. Klabu haikumhamisha. Vuli ile alikabidhiwa kwa kocha Brian Butterfield, wakashughulikia ulinzi tu, siku baada ya siku: miguu, glavu, kurusha. Mwaka 1994 Jeter alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi ndogo zote, mwaka 1996 akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake, na alistaafu akiwa na mipigo salama 3,465 na tuzo tano za ulinzi bora ziitwazo Glavu ya Dhahabu. Ni kweli wachambuzi wa takwimu walikuja kumkosoa kwamba eneo alilolilinda lilikuwa dogo kuliko sifa zake. Lakini kwa takriban miaka ishirini hakuna aliyemwondoa mahali alipowekwa na karatasi ya skauti.

Sasa linganisha na Mickey Mantle. Skauti Tom Greenwade alimsajili Yankees mwaka 1949, alipomaliza tu sekondari huko Oklahoma, naye pia alikuwa shotistopu. Mwaka 1950, akiwa Joplin katika ligi ndogo, alifanya makosa 55. Safari hii klabu ile ile ilimtoa, ikampeleka uwanja wa nje, ambako mbio zake na mkono wake vilipata nafasi ya kutosha, naye akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa karne. Makosa 56 na makosa 55: namba karibu sawa, hukumu mbili zinazopingana, na zote mbili zilikuwa sahihi. Idadi ya makosa haikusema lolote. Kilichosema ni makosa yenyewe, na mwili ulioyafanya.

Kuona vizuri si mwisho wa kazi, kwa sababu skauti hupendekeza na wengine huamua. Hal Newhouser aliwahi kuwa mrushaji bingwa, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1944 na tena 1945. Uzeeni alikuwa skauti wa Houston Astros huko huko Michigan, na yeye pia alimwona Jeter, akaisihi klabu yake, iliyokuwa na zamu ya kwanza mwaka 1992, imchukue. Astros wakamchukua Phil Nevin, mchezaji wa chuo kikuu. Nevin alicheza ligi kuu miaka mingi, kwa hiyo halikuwa chaguo la kijinga. Lakini Newhouser aliacha kazi. Yapo mambo ambayo mtu akishayaona kwa macho yake hawezi tena kukubali yapuuzwe.

Na jicho hukosea pia. Mwaka 1980 New York Mets walimchukua wa 23 kijana wa California, Billy Beane, ambaye maskauti walimwona ana vipaji vyote vitano. Alicheza mechi 148 tu za ligi kuu, kwa wastani wa kugonga wa .219. Alipokuja kuwa kiongozi wa klabu ya Oakland, ndiye aliyeongoza njia ya kuamini takwimu kuliko macho, na Michael Lewis akaiandika habari hiyo katika kitabu *Moneyball* cha mwaka 2003. Kipimo cha 20 hadi 80 kilikuwa kimepima kila kitu cha Beane isipokuwa namna alivyoubeba moyoni mwake usiku wa kushindwa. Tangu zamani maskauti wazuri wamekuwa wakilijua hilo: ndiyo maana huenda nyumbani kwa kijana, wakaketi na wazazi, wakamtazama anavyozungumza na mama yake. Uwanjani humngojea akosee, kisha humtazama katika mpira unaofuata. Je, anautaka? Au anaomba upigwe kwa mwenzake?

Siku hizi mashine zimeingia. Kamera hupima pembe na mwendo wa kila mpira, na klabu nyingine zimepunguza watu wa kuzunguka viwanjani. Sizidharau mashine, maana jicho hudanganywa na mengi: na gongo la aluminiamu, ambalo halimwadhibu mpigaji kama la mbao la ligi kuu, na warushaji dhaifu wa shule, ambao mipira yao haifikii zile kilomita 150 kwa saa atakazokutana nazo baadaye, na baridi ya majimbo ya kaskazini, ambako msimu ni mfupi na vijana huonekana mara chache. Mike Trout, kijana wa shule ya Millville huko New Jersey, alipitwa mara 24 mwaka 2009 kabla Los Angeles Angels hawajamchukua. Skauti wao, Greg Morhardt, alikuwa amecheza ligi ndogo pamoja na baba yake Trout. Aliijua mbegu kabla ya kuuona mche. Ni kamera gani ingemwambia hivyo?

Afrika nayo ina shahidi wake. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekulia kwenye klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alikuwa akifanya kazi, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 akiwa mlinzi wa ndani mwenye miguu myepesi na gongo lisilo na uhakika. Tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani. Kati ya jicho lililomwona na siku hiyo ipo miaka karibu tisa.

Jumba la heshima la besiboli liko Cooperstown, New York. Jeter aliingizwa humo kwa kura 396 kati ya 397. Wamo wachezaji, mameneja, waamuzi na viongozi. Buck O'Neil, skauti aliyemsajili Lou Brock, aliingizwa mwaka 2022, lakini kwa jumla ya utumishi wake na si kwa uskauti. Hakuna aliyeingizwa kwa kazi hiyo peke yake, ingawa karibu kila aliyemo humo alianza kama jina katika daftari la mtu aliyekaa nyuma ya wavu. Huo ni upungufu wa jumba, si wa maskauti. Wafunguliwe mlango, na Newhouser, aliyemo tayari kama mrushaji, ahesabiwe mara ya pili.