Kioo cha Ben Hogan

Simama mbele ya mpira wa gofu, inama kidogo, shika fimbo kwa mikono miwili. Sasa vuta picha ya kioo kikubwa cha dirisha kilichoegemea mabegani mwako, ukingo wake wa chini umekaa penye mpira, nacho kimetobolewa tundu moja la kupitishia kichwa. Hivyo ndivyo Ben Hogan, mchezaji gofu wa Texas, alivyoeleza njia ya fimbo katika kitabu chake cha mwaka 1957, na Anthony Ravielli akakichora kioo hicho kwa ustadi ambao haujafifia.

Mlalo wa kioo hautoki kwa mwalimu, unatoka mwilini. Mtu mrefu chake husimama zaidi, mfupi chake hulala. Fimbo ndefu ya draiva humweka mchezaji mbali na mpira na kukilaza kioo; fimbo fupi humsogeza karibu na kukisimamisha. Ndiyo maana kumuiga mtu asiye na kimo chako ni kujitafutia taabu.

Kazi ya mikono ni kupanda chini ya kioo bila kukipasua. Ikifika usawa wa nyonga inapaswa kuwa imeshaingia sambamba nacho, na ibaki hivyo hadi kileleni, mabega yakiwa yamegeuka na mgongo ukielekea shabaha. Anayenyanyua mikono tu, mabega yamelala usingizi, atakipasua, na mara nyingi fimbo itashuka ikitokea nje, iukate mpira, upinde kulia.

Ninachokistahi zaidi ni kioo cha pili. Hogan aliona kwamba nyonga zikitangulia kugeuka wakati wa kushuka, bega la kulia huinama, na kioo hubadilika: hulala kidogo zaidi na kuelekea kulia kidogo kwa shabaha. Tofauti ni ndogo mno, lakini ndiyo inayoileta fimbo kutoka ndani. Ujanani mpira wake ulikuwa ukimpinda vibaya kwenda kushoto, akaupigia mazoezi miaka na miaka. Macho yaliyoona tofauti hiyo yalinolewa na taabu.

Mchezaji mwingine, Jim Furyk, hupandisha fimbo wima, mbali kabisa na kioo, kisha huizungusha na kuiangusha mahali pake wakati wa kushuka. Kwa mzunguko huo alishinda US Open ya 2003, na mwaka 2016 akamaliza raundi moja kwa mapigo 58. Sioni kwamba anamkanusha Hogan. Furyk naye hurudi njiani kabla ya kuugusa mpira, ila kwa safari ndefu inayodai mikono isiyokosea.

Miaka minane kabla ya kitabu hicho, Februari 1949, gari la Hogan liligongana na basi, akavunjika nyonga, mtulinga na kifundo cha mguu. Juni 1950, miguu imefungwa bendeji, alicheza mashimo 36 kwa siku moja kwenye US Open huko Merion. Kwenye shimo la mwisho la siku hiyo Hy Peskin alimpiga picha akitumia chuma namba moja, fimbo ngumu kutumia kuliko zote za chuma. Kesho yake alishinda mashindano hayo. Picha inaonyesha mwisho tu wa pigo: fimbo imeshapita, mwili umesimama imara juu ya mguu wa kushoto, na umati umejipanga pande zote ukiutazama mpira.