Herufi Mbili Ndani ya Ngao

Kwetu sonara hujulikana kwa jina la baba yake, na kwa mkufu wa bibi harusi fulani ambao haujakatika hadi leo. London sonara ana herufi zisizopungua mbili, ndani ya kijingao kidogo kuliko punje ya mchele.

Chapa hiyo ya herufi na ngao ni yake peke yake. Huisajili kwenye ofisi ya upimaji ya Goldsmiths' Company, chama cha masonara kilichopata hati ya kifalme mwaka 1327. Tangu 1478 kazi za mafundi hupelekwa kwenye jumba la chama kupimwa na kugongwa chapa, na ndiyo asili ya neno la Kiingereza hallmark: chapa ya jumba. Chapa ya kichwa cha chui ni kongwe zaidi, ya mwaka 1300.

Ninachowapongezea hasa masonara wa London ni malezi ya mwanagenzi. Hutia saini mkataba, kisha hukaa miaka chini ya fundi akikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, akipiga tupa, akilehemu kiungo bila kuacha donge. Chini ya meza hutundikwa ngozi ya kukinga vumbi la tupa. Vumbi hilo ni pesa, na ole wake anayelipuliza! Mwisho hutengeneza kazi moja ya kufuzia. Ikikubaliwa, anaingizwa chamani.

Na hata hapo hapendelewi. Pete yake ya karati 18 isipofikisha sehemu 750 za dhahabu kwa 1,000, haigongwi 750.