Karatasi ya Picha Ndani ya Betri!

Weka chini unachofanya. Betri ya mtiririko, inayohifadhi umeme katika vimiminika vinavyozungushwa na pampu, imewaka juu ya meza ya fundi wa sola hapa Machakos, na kinachotenganisha pande zake mbili ni karatasi ya picha. Ndiyo, ile ile inayouzwa kwa ajili ya printa!

Michoro ni ya Flow Battery Research Collective, watafiti walioamua kutoficha chochote: umbo la seli, orodha ya vifaa, programu, hata kifaa cha kupimia kiitwacho MYSTAT. Unapakua bure, unachapa, unabadilisha upendavyo.

Vifaa vyenyewe? Vyombo viwili vya plastiki, pampu mbili ndogo, mipira myembamba, na katikati seli ya polipropileni iliyochapwa kwa printa ya 3D, eneo lake la kazi dogo kuliko stempu ya posta. Ndani yake kuna sponji nyeusi ya grafiti na hiyo karatasi. Basi!

Lakini subiri uione ikichaji. Ndani ya vyombo mna myeyusho wa chumvi ya zinki na iodidi, usio na rangi kabisa mwanzoni. Umeme ukiingia, zinki inaganda upande hasi, na upande chanya iodidi inageuka iodini. Mpira wa kulia ukaanza umanjano, ukaingia rangi ya chungwa, mara chombo kizima kikawa kahawia nzito. Nilipiga kelele! Ni iodini ile tuliyodondoshea kiazi shuleni tukitafuta wanga. Betri ikitumika, rangi inafifia tena, kwa hiyo kiasi cha chaji unakisoma kwa macho tu.

Wazo la betri ya mtiririko si geni. NASA walihangaika na betri za chuma na kromi miaka ya 1970. Maria Skyllas-Kazacos na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, wakaleta ya vanadi miaka ya 1980. Na mwaka 2022 mji wa Dalian, China, uliwasha mtambo wa megawati 100. Ila vanadi ni ghali, na utando maalumu wa kutenganishia nao hukausha mfuko. Karatasi ya picha imeruka kizingiti hicho, na kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote.

Maana tatizo letu huku Ukambani si jua. Jua tunalo la kugawa. Tatizo ni betri ya asidi: ukizoea kuimaliza hadi mwisho kila usiku, inakufa mapema, na nyuma ya vibanda vya mafundi zimelundikana. Hii hapa unafungua boliti, unabadilisha karatasi, unafunga. Fundi wa jua kali anaielewa kwa kuitazama!

Sasa nipumue kidogo. Seli moja inatoa volti 1.3 hivi, na kwa udogo huu haichaji simu. Ni kifaa cha kujifunzia, na kundi lenyewe linasema hivyo. Zinki hujilundika ndani ya seli, kwa hiyo kuongeza ukubwa wa vyombo peke yake hakukupi saa zaidi bila kikomo. Ikichajiwa kwa pupa huota miiba inayoweza kutoboa karatasi. Pampu nazo zinakula umeme. Iodini inatia madoa na kula vyuma: vaa glavu na miwani, fungua dirisha, na watoto wakae mbali.

Hayo yote nayajua na bado sijatulia! Nataka seli kumi mfululizo, tufike volti 12 za taa za sola. Fundi anasema tungoje kwanza: kiungo cha pampu ya kulia kinavuja, na meza yake imeshakuwa ya kahawia.