Mafuriko ya miaka mia hayangoji miaka mia

Niliwahi kualikwa katika warsha ya kuwarudishia wananchi matokeo ya utafiti kuhusu Mto Nzoia. Mimi ni mtu wa isimu, na hadi leo sijui nilialikwa kwa nini. Labda ilitakiwa mvi moja zaidi kwenye meza kuu.

Mtafiti, kijana wa uzamifu, alizungumza kwa Kiingereza muda mrefu. Alitumia SWAT, programu ya kompyuta iliyoundwa Marekani, ambayo hulishwa takwimu za mvua, udongo, miteremko na matumizi ya ardhi, kisha hukadiria maji yatakayopita mtoni. Alieleza kwa fahari jinsi modeli yake ilivyokaribia 1 kwenye kipimo cha Nash na Sutcliffe, ambacho wanahaidrolojia wanakitumia tangu 1970. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, nakiri. Bonde la Nzoia lina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 12,000, na mvua inayonyesha kwenye milima ya Cherang'any na Elgon ndiyo huja kuwafurusha watu Budalang'i, pengine jua likiwa linawaka kwao.

Mzee mmoja wa safu ya mbele, kofia mapajani, akainua mkono. "Mwalimu, mimi nihame ama nisihame?"

Kijana akajibu kwamba boma la mzee liko ndani ya eneo la mafuriko ya miaka 100. Mkalimani akatafsiri: mafuriko hayo huja kila baada ya miaka 100. Mzee akacheka. "Basi hayo ni ya wajukuu wa wajukuu wangu." Ukumbi mzima ukacheka, tukaenda kula.

Chakula kilinishinda. Baadaye nilimuuliza kijana iwapo hiyo ndiyo maana yake. Akasema la hasha. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kujali kilichotokea mwaka uliopita, kuna nafasi moja katika 100 ya maji kufika hapo. Anayeishi mahali hapo kwa miaka 30 ana uwezekano unaozidi robo wa kuyaona. Yanaweza kuja mwaka huu na mwakani yakarudi. Hivyo basi, mzee aliuliza swali la kufa na kupona, akapewa jibu sahihi kwa Kiingereza, akarudi nyumbani na jibu la uongo kwa Kiswahili. Na hakuna mtu aliyemdanganya!

Mkosi huu hauko Nzoia pekee. Utabiri wa msimu nao husema kuna uwezekano wa asilimia 40 wa mvua kuzidi wastani. Waulize majirani zako wameelewa nini. Wengi watakwambia mvua itaongezeka kwa asilimia 40, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na mkulima atachagua mbegu kwa kuzingatia kosa hilo.

Kuna pia tovuti za lugha mbili ambazo miradi ya vyuo huzijenga kwa ajili ya jamii. Nimezipitia kadhaa. Ukurasa wa Kiingereza umejaa, wa Kiswahili una salamu, picha ya akina mama wakiteka maji, na ahadi kwamba maelezo yatakuja. Pale yalipokuja, yaliletwa na mashine. Katika tovuti moja, maji yatiririkayo juu ya ardhi baada ya mvua yaligeuka kuwa duru ya pili ya uchaguzi, maana Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Hakuna aliyeusoma ukurasa huo kabla ya kuuchapisha, ila mfadhili alishaambiwa kwamba jamii imefikiwa.

Usiniambie ati Kiswahili hakina maneno. Lugha iliyotofautisha masika, vuli na mchoo si ngeni kwa mvua. Wakulima na mabaharia wa pwani waliuhesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi kwa miongo, kila mwongo siku kumi (simsemi yule asemaye uongo). Wataalamu wa hali ya anga wa leo hujumlisha mvua kwa vipindi vya siku kumi kumi pia, na wanapotaka jina la kipindi hicho wanaazima la Wagiriki. Neno tulikuwa nalo, tukalipa kazi nyingine ya kuhesabu miaka.

Lawama nyingine ni yetu sisi wa idara za Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, nasi huinukuu katika kila kongamano. Lakini nimesimamia tasnifu chungu nzima kuhusu taswira katika riwaya, na sikuwahi hata siku moja kuvuka ua kwenda kwa wenzetu wahandisi kuwauliza wanaliitaje bonde la mto. Wao wanaona lugha ni kazi ya mkalimani wa siku moja. Sisi tunaona mto ni sitiari.

Yule kijana alikuja ofisini kwangu miezi michache baadaye na ukurasa mmoja aliotaka kuwapelekea watu wa Budalang'i. Ulituchukua mchana kutwa. Neno "uwezekano" tulilitoa, halafu "miaka 100" nayo tukaitupa. Kilichobaki kinasema: "Kila mwaka ni kama kuchota punje moja gizani katika mfuko wa punje 100, moja ikiwa nyekundu, kisha unairudisha. Ukichota nyekundu, maji yatafika kwenye mlango wako. Mwakani utachota tena kwenye mfuko ule ule." Kijana alilalamika kwamba hilo si sayansi. Nilimwomba anionyeshe kosa lilipo. Akatafuta, kisha akaomba tubadilishe punje ziwe za mahindi.