Sentensi ya UPDATE: kupima ubora wa paneli za hifadhidata

Paneli ya kusimamia hifadhidata ni kazi ya ufundi, na ufundi wake husomeka katika SQL inayoipeleka kwa seva. Wengi huipima kwa vitufe, grafu za rangi na mandhari meusi, kisha huimwagia sifa. Sifa hizo zinakera, kwa sababu gharama ya paneli mbovu hailipwi na aliyeisifu. Hulipwa na karani miezi sita baadaye, data ikiwa imekwisha kuharibika na hakuna anayekumbuka nani alibofya nini.

Fani hii ina ukoo wa kuheshimika. Katika miaka ya 1970 Moshé Zloof wa IBM alibuni Query by Example: mtumiaji alipewa jedwali tupu, akajaza mfano wa anachokitafuta, akaweka P. kwenye safu aliyotaka ichapwe. Wazo zima la kuuliza kwa macho lilikuwa limekwisha kukamilika. Access ya Microsoft iliurithi mtindo huo mwaka 1992. phpMyAdmin, iliyoanzishwa na Tobias Ratschiller mwaka 1998, iliileta kazi kwenye kivinjari. Django, iliyotolewa kwa umma mwaka 2005, ilizaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, na paneli yake bado ina alama ya wanahabari waliokuwa na haraka ya kuchapisha. Waliotengeneza zana hizo walikaa karibu na watumiaji wao, na ukaribu huo ndio unaokosekana katika nyingi za leo.

Kwa upande wa kuuliza, kanuni ya kwanza ni kuonyesha SQL. Metabase huitimiza: swali lililojengwa kwa kubofya huweza kugeuzwa kuwa SQL, ingawa likishageuzwa na kuhaririwa halirudi tena kwenye umbo la mwanzo. Kanuni ya pili inahusu kujumlisha. Oda moja ya shilingi 50,000 yenye bidhaa tatu, jedwali la oda likiunganishwa na la bidhaa kisha SUM ikapigwa, husomeka 150,000. Zana nzuri hujumlisha kwanza au humwonya mtumiaji. Zana mbovu huchora grafu ya kupendeza yenye hesabu ya uongo.

Kipimo ambacho mgeni wa fani hukikosa kila mara ni hiki: fungua rekodi moja, badilisha safu moja, hifadhi, kisha soma sentensi ya UPDATE iliyofika kwenye seva. Karani wa kwanza anafungua rekodi ya mteja saa tatu asubuhi ili asahihishe namba ya simu. Kabla hajahifadhi, anaitwa pembeni. Karani wa pili anafungua rekodi ileile na kupunguza deni kutoka 80,000 hadi 30,000, mteja akiwa mbele yake na stakabadhi mkononi. Saa tatu na nusu wa kwanza anarudi na kuhifadhi. Paneli iliyoandikwa kivivu hutuma safu zote ishirini kama zilivyo kwenye fomu yake, na deni linarudi 80,000. Skrini inatoa ujumbe wa kijani kwamba kazi imefaulu. Seva hairekodi hitilafu yoyote, kwa kuwa imetii amri iliyopewa.

Fundi hodari huzuia hilo kwa njia mbili. Ya kwanza, SET hutaja safu iliyoguswa tu. Ya pili, ambayo ni bora, WHERE hubeba ufunguo mkuu pamoja na thamani ya zamani au namba ya toleo; rekodi ikiwa imebadilika, UPDATE hugusa rekodi 0 na mtumiaji huambiwa. Access humfungulia mtu wa pili dirisha la mgongano, achague kuhifadhi, kunakili au kuacha. Oracle Forms, kwa mpangilio wake wa kawaida, hufunga rekodi mara mtumiaji anapoanza kuibadilisha. Django, pamoja na uzuri wake wote, huandika safu zote katika save() kama update_fields haikutajwa, na paneli yake humpa ushindi aliyehifadhi mwisho. Anayeikabidhi madeni ya watu lazima aongeze ulinzi mwenyewe.

Walaghai wa maonyesho huchagua jedwali la rekodi 200 na mtumiaji mmoja. Mjuzi akialikwa, huomba vitu vitatu: jedwali la rekodi milioni 5, jedwali lisilo na ufunguo mkuu, na kompyuta ya pili. Kwenye jedwali la kwanza, orodha inayopiga COUNT(*) kila inapofunguliwa hukwama, hasa juu ya PostgreSQL, na kisanduku kinachopakia wateja wote hugandisha kivinjari. Kwenye la pili, phpMyAdmin hueleza kuwa hakuna safu ya pekee na huzuia uhariri; zana ya kubabaisha hukubali, kisha hubadilisha kwa pamoja rekodi mbili zinazofanana. Kompyuta ya pili ni ya kurudia kisa cha makarani.

Vigezo vilivyobaki ni vifupi. NULL itofautiane kwa macho na maandishi matupu. Namba ya simu inayoanza na 0 itoke kwenye CSV na kurudi ikiwa na 0 yake. Kitufe cha Tab kitoshe kujaza fomu nzima bila kipanya. Kabla ya DELETE, zana itaje pia rekodi zitakazoondoka kwa CASCADE. Hapo paneli ya Django ni mfano wa kuigwa, maana huziorodhesha. Na zana iwe ndogo: Adminer ya Jakub Vrána ni faili moja la PHP, hupandishwa kwenye seva kwa dakika moja na kufutwa kazi ikiisha, wala haifai kuachwa wazi kwenye intaneti. Zana ikishapita yote haya, rangi za vitufe zinaweza kujadiliwa.