Majazi na Lafudhi: Picha Mgando za Maeneo katika Fasihi ya Kiswahili ya Kenya

Mkenya anapoulizwa kwao ni wapi, mara nyingi muulizaji huwa amekwisha kujijibu swali la pili ambalo hakulitamka: mtu huyu humpigia nani kura. Tangu uchaguzi wa vyama vingi uliporejea mwaka wa 1992, wanasiasa na magazeti wameigawa nchi katika "ngome", na kila ngome ikavikwa tabia zake kana kwamba tabia hizo huota pamoja na mimea ya mahali hapo. Mtu wa Kati hupenda pesa. Wa Nyanza ni mbishi mwenye majivuno. Wa Pwani ni mvivu, mpole na fundi wa maneno matamu. Wa Kaskazini hashughulikiwi sana hata kwa dhihaka, naye mwenyewe akisafiri kuelekea Nairobi husema anakwenda Kenya.

Picha ya namna hii itaitwa hapa picha mgando, yaani picha iliyogandishwa isibadilike hata pale mwenye sura anapobadilika. Makala haya yanachunguza jinsi fasihi ya Kiswahili ya Kenya ilivyokabiliana nayo. Yanadai kwamba watunzi wengi waliamua kupambana na picha hiyo kwa kuyafuta majina halisi ya mahali na kuweka nchi za kubuni badala yake, na kwamba uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito. Hata hivyo, makao makuu ya picha mgando hayakuwa katika majina. Yalikuwa katika lafudhi, na huko haikuguswa.

Kejeli baina ya maeneo si jambo geni katika Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840) aliwabeza wapinzani wa mji wake kwa mashairi, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu alikuwa miongoni mwa waliomjibu. Hizo zilikuwa zama za Vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka wa 1812, na siasa ya mashairi hayo haikujificha: ni Mazrui kwa upande mmoja na Busaidi kwa upande wa pili. Jambo la kuzingatia ni kwamba kejeli hiyo ilikuwa na anwani. Mji uliobezwa ulijulikana, na mshairi wake alikuwa na bahari na mizani zilezile za kujibia. Aliyetukanwa hakuwa bubu. Sifa hii ndiyo inayokosekana katika picha mgando za sasa, ambazo humzungumzia mtu wa eneo fulani akiwa hayupo, na akiwapo humsubiri akosee matamshi.

Siasa za uhuru zilizidisha uzito wa mambo haya. Kati ya mwaka wa 1961 na 1963 baadhi ya wakazi wa ukanda wa maili kumi, hasa Waarabu na Waswahili, walidai mwambao usiunganishwe na Kenya. Suala hilo lilifungwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Kwa wengi wa bara, kumbukumbu iliyobaki ni ya Pwani isiyoipenda Kenya. Husahauliwa kwamba Pwani haikuwa na sauti moja. Ronald Ngala na KADU walipigania majimbo ndani ya Kenya, jambo lililo tofauti kabisa na kuutenga ukanda huo uwe nchi. Tofauti hiyo ilikuwa wazi kwa waliohusika, lakini picha mgando haina nafasi ya kuwaweka Mmijikenda na Mswahili wakiwa na maoni yanayopingana.

Ni katika muktadha huu ambapo kisa cha Abdilatif Abdalla kinapaswa kusomwa upya. Mtunzi huyu wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa ajili ya kijitabu *Kenya: Twendapi?* (1968), alichokiandika kuunga mkono KPU, chama kilichoongozwa na Oginga Odinga wa Nyanza. Mtu wa Pwani, anayedhaniwa kutojali siasa za taifa, alikwenda gerezani kwa ajili ya siasa za taifa, tena bega kwa bega na watu wa upande wa pili wa nchi. Diwani yake, *Sauti ya Dhiki* (1973), iliandikwa gerezani kwenye karatasi za msalani, kwa Kimvita na kwa arudhi kamili.

Uhakiki nao haukuwa na mikono safi. Katika mgogoro wa ushairi wa mapokeo na ushairi huru, uliozuka Tanzania katika miaka ya 1970 na kuendelezwa katika madarasa ya Kenya, picha za maeneo ziliingia kwa mlango wa nyuma. Mshairi wa Pwani akaonekana mlinzi wa vina, mwenye fani nzuri na mawazo makuukuu. Wa bara akaonekana mwenye mawazo motomoto lakini asiyejua lugha. Mgawanyo huu ni wa kivivu. *Sauti ya Dhiki* inaukanusha kwa upande mmoja, na mashairi huru ya Kithaka wa Mberia katika *Mchezo wa Karata* (1997) yanaukanusha kwa upande wa pili, kwa maana ufundi wake wa kupanga maneno kwenye ukurasa ni suala la fani kabla ya kuwa suala la siasa. Hata hivyo bado yapo maswali ya mitihani yanayomtaka mwanafunzi ajadili "utamu wa lugha" kwa mshairi wa Pwani na "ujumbe" kwa mwenzake wa bara, na hakuna anayeshtuka.

Pahali ambapo picha mgando ilikuzwa kwa ufundi mkubwa zaidi ni katika vichekesho vya redio na televisheni. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alijulikana nchini kote kama Mzee Ojwang wa *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani*. Ojwang alikuwa Mjaluo, mwenye Kiswahili cha Kijaluo ambamo sh hugeuka s. Wanjau mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, mke wa Ojwang, alitoka Magharibi. Watazamaji wengi hawakujua, na walipojua walizidi kumpenda. Yapo mambo mawili hapa, na hayapatani kwa urahisi. Kwanza, uigizaji huo ulithibitisha kwamba lafudhi ni vazi: mtu wa Kati aliweza kulivaa na kulivua, na katika siasa zilizowagombanisha Kati na Nyanza tangu mwaka wa 1966, hilo halikuwa jambo dogo. Pili, ulimzoesha msikilizaji kusikia asili ya mtu kabla ya kusikia anachosema. Kicheko hutoka sentensi ikiwa haijaisha. Mkikuyu wa vichekesho hubadilishana r na l. Mluhya hutamka b kama p. Mpwani huvuta maneno na hana haraka. Ufundi wa Wanjau ulikuwa katika kumpa Ojwang utu uliozidi matamshi yake. Waigizaji wengi waliofuata walichukua matamshi wakaacha utu.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa vichekesho vilikuwa jasiri kiasi hiki katika kusikiliza maeneo, kwa nini fasihi andishi iliyakimbia? Jibu la kwanza ni hofu, tena hofu yenye msingi. *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilichezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka wa 1977, kwa lugha ya mahali hapo na kuhusu ardhi ya mahali hapo. Ilipigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini kabla ya mwaka kwisha. Alamin Mazrui, aliyeandika *Kilio cha Haki* (1981), alitiwa kizuizini mwaka wa 1982. Watunzi walijifunza. Ndipo ikaja orodha ya nchi na miji ya kubuni: Butangi katika *Kifo Kisimani* (2001), Cheneo katika *Mstahiki Meya* (2009), Sagamoyo katika *Kigogo* (2015). Mbinu ya majazi, yaani kumpa mhusika au mahali jina linalobeba sifa zake, ikawa ngao ya mwandishi. Kwa kumchambua mtawala dhalimu, ngao hiyo inafaa sana: Bokono wa Butangi anaweza kuwa dikteta wa popote. Kwa kuchambua chuki za maeneo haifai vivyo hivyo, kwa sababu chuki hizo si za popote.

*Kufa Kuzikana* (2003) ya Ken Walibora ni mfano mzuri wa faida na gharama za mbinu hii. Akida na Tim ni marafiki wa kutoka makabila yanayohasimiana katika nchi ya Kiwachema, nayo makabila hayo ni Wakorosho na Wakanju. Msomaji anayejua Kiswahili anang'amua fumbo mara moja: mkorosho na mkanju ni majina mawili ya mti mmoja. Ni dhihaka ya hali ya juu, na riwaya ilitoka wakati damu ya mapigano ya 1992 na 1997 haijasahaulika. Lakini fumbo hilo linashinda mapema mno. Likishateguliwa, tofauti ya watu hao inakuwa upuuzi tangu ukurasa wa kwanza, na anayeamini upuuzi anaonekana mjinga tu. Picha mgando zinazowagawa Wakenya si upuuzi wa aina hiyo. Zimefungamana na mambo yaliyotokea: skimu za makazi za Bonde la Ufa, hatimiliki za ardhi za Pwani, ajira ya bandari. Mtu anayezishikilia huwa na hoja, hata kama hoja hiyo imepinda, na riwaya inayotaka kumshinda inalazimika kuisikiliza kwanza.

*Chozi la Heri* (2014) ya Assumpta Matei inakaribia zaidi. Nchi yake pia ni ya kubuni, lakini imo lakabu moja inayotosha kuihalalisha riwaya nzima. Ridhaa, akiwa mtoto mgeni shuleni, anaitwa "mfuata mvua". Lakabu hii si tusi la jumla. Ni tusi la wakulima na wafugaji kwa mtu aliyehamia penye rutuba. Nyuma yake ipo historia ya watu waliohamishwa na wakoloni na waliouziwa ardhi baada ya uhuru. Ni ndugu wa neno "madoadoa", lililotumiwa katika kampeni za Bonde la Ufa kwa watu walioonekana kuchafua rangi moja ya eneo. Ridhaa anasoma, anakuwa daktari, anajenga, anawatibu majirani. Na baada ya uchaguzi nyumba yake inateketezwa pamoja na jamaa zake, huku jirani yake Mzee Kedi akiwa mshiriki. Moto wa utu uzima unatoka katika lakabu ya utotoni, na Matei anauonyesha uhusiano huo bila kuhubiri.

Udhaifu wa riwaya hii, ambao ni udhaifu wa takriban riwaya zote za kundi lake, ni Kiswahili chake. Ridhaa, Kedi na wakimbizi wa kambini huongea Kiswahili sanifu kimoja, chenye methali zilezile na urefu uleule wa sentensi. Hakuna anayeweza kusikia nani ametoka wapi. Huenda ikadaiwa kwamba huu ndio umoja wa taifa. Lakini katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambamo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani wakatakiwa watoe vitambulisho au waseme neno la lugha fulani. Lafudhi ileile iliyochekesha kwenye televisheni ikawa ushahidi wa kumhukumu mtu. Riwaya inayosimulia ghasia za namna hiyo kwa wahusika wasio na lafudhi imeuficha utaratibu wenyewe wa kutambuana na kuuana. Usanifu wa lugha, unaosifiwa sana na watahini, hapa umekuwa pazia.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vingine, *Siku Njema* (1996) inadokeza. Walibora hakubuni nchi katika riwaya hiyo. Tanga ni Tanga, Mombasa ni Mombasa, Kitale ni Kitale. Mhusika wake mkuu anaitwa Kongowea Mswahili, jina lisiloweza kuwa la Kipwani zaidi ya hapo. Mamaye ni mwimbaji wa taarabu, na baba anayemtafuta yuko Kitale. Safari ya riwaya inatoka pwani kwenda bara, kinyume cha mwelekeo wa majivuno ya lugha, na mwandishi bora wa Kiswahili katika hadithi anakutwa kuwa na nusu yake huko ambako Kiswahili hudhaniwa kuwa kibovu. Ni kweli kwamba riwaya haina siasa nyingi, na kwamba Kongowea naye huongea kama kitabu. Lakini swali la kwao ni wapi, ambalo Mkenya huulizwa ili afungiwe ndani ya ngome, hapa linakuwa na majibu mawili, na yote mawili yanapatikana kwenye ramani.

Haifai kuumaliza mjadala huu bila *Walenisi* (1995) ya Katama Mkangi, ingawa wahakiki wengi huiweka katika rafu ya riwaya za kinjozi. Mkangi alikuwa Mmijikenda, mwanasosholojia, na mfungwa wa kizuizini wa mwaka wa 1986. Mwaka wa 1997 aligombea urais wa Kenya, na ni katika mwaka uohuo, mwezi wa Agosti, ambapo watu wa bara waliuawa na kufukuzwa Likoni. Jina la riwaya yake ni sentensi iliyobanwa: wale ni sisi. Miaka mingi baadaye Baraza la Jamhuri ya Mombasa lilieneza sentensi nyingine fupi, Pwani si Kenya. Kisarufi tofauti iko katika kitenzi kishirikishi tu, ni na si. Lakini sentensi ya Mkangi haisemi kwamba wale hawapo. Kiwakilishi kimebaki pale pale mwanzoni, mbele ya sisi. Na shujaa anayefika katika nchi yenye jina hilo, akiwa amehukumiwa kifo kwao, hakupewa jina la majazi wala la mti. Anaitwa Dzombo, jina ambalo msomaji wa Kwale hahitaji kuelezwa limetoka wapi.