Jamani, The Villages Imevuka Barabara Kuu!

Kama kwako kustaafu ni kupokea kiinua mgongo, kurudi kijijini na kuhesabu mikungu ya ndizi, hebu itazame The Villages, katikati ya jimbo la Florida. Mji mzima umejengwa na familia moja kwa ajili ya watu wa miaka 55 kwenda juu, na haushikiki! Sensa ya Marekani ya 2020 ilionyesha kuwa eneo hili lilikua kwa kasi kuliko maeneo yote ya miji nchini humo: asilimia 39 ndani ya miaka 10, hadi karibu watu 130,000. Wazee hao!

Na ulianza na nini? Nyumba za kuhamishika. Harold Schwartz alikuwa akiuza viwanja vya Florida kwa njia ya posta, sheria ya 1968 ikamfungia biashara. Akabaki na ardhi, akapanga humo nyumba hizo na kupaita Orange Blossom Gardens. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameuza kama 400 tu. Mwaka 1983 akaja mwanawe, H. Gary Morse, na hapo moto ukawaka. Wazo lao lilikuwa kumuuzia mstaafu siku yake nzima, nyumba ikiwamo: viwanja vifupi vya gofu anavyocheza bure kwa sababu ameshalipa ada ya mwezi, mabwawa ya kuogelea, vilabu vya kila aina, muziki wa jukwaani kila jioni bila kiingilio. Mwaka 1992 jina likawa The Villages.

Sasa vigari vya gofu, ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha! Vina njia zao, vina mahandaki chini ya barabara, vina madaraja. Mtu anakwenda benki, kanisani, kwa daktari na kunywa bia kwa kigari. Wengine wamekipamba kikafanana na gari la kizamani, taa kubwa mbele, rangi ya kung'aa. Lakini kigari hakina mbio, na hicho ndicho kilichouchora mji. Kila mara familia hiyo ya wajenzi iliposogea kusini, ilibidi ijenge kitovu kipya ambacho mzee atakifikia. Baada ya kitovu cha kwanza, Spanish Springs, ikaja Lake Sumter Landing mwaka 2004, yenye mnara wa kuongozea meli kando ya ziwa lisilojua meli. Kisha Brownwood, 2012, ya mtindo wa wachunga ng'ombe wa Florida. Kuta mpya zimechakazwa kwa makusudi, na vibao vinasimulia historia ambayo haikuwahi kutokea. Asiyependa maigizo atakereka. Mimi nimeyapenda mno!

Halafu mji ukagota kwenye Florida's Turnpike, barabara kuu ya kulipia. Ungedhani ndiyo mwisho. Thubutu! Vigari vikajengewa daraja juu yake.

Upanuzi una gharama, na wenyeji wanaijua. Mwaka 2019 kaunti ya Sumter ilipandisha kodi ya majengo kwa asilimia 25, wengi wakalalamika kwamba wanalipia nyumba za wakazi wapya. Mwaka uliofuata wapiga kura wakawang'oa makamishna watatu wa kaunti. Mstaafu ana muda wa kuhudhuria vikao, usimchezee.

Kilichonisisimua kuliko vyote ni mtaa wa Middleton. Schwartz alifariki 2003, Morse 2014, na sasa kizazi cha tatu kinaujenga bila sharti la umri! Upande wa wastaafu, mjukuu wa chini ya miaka 19 anaruhusiwa siku 30 tu kwa mwaka. Lakini wauguzi, wapishi na mafundi wanaouendesha mji wana watoto, na lazima walale mahali. Kwa hiyo waliowafungia watoto mlango ndio wanaowajengea: sekondari mpya ilifunguliwa huko mwaka 2023.

Ukipata nafasi, kodi kigari Spanish Springs asubuhi na mapema, shuka kusini kitovu hadi kitovu, uvuke lile daraja. Hakikisha tu tangi limejaa.